Msimu hausubiri ruzuku

Huku Ohio, Marekani, mkulima wa mboga ana miezi mitano hivi ya kufanya kazi ya mwaka mzima. Baridi inayoua miche hukoma katikati ya Mei, na ikifika Oktoba imesharudi. Aliyekosa Mei amekosa mwaka. Pesa ya mbegu, mbolea na mpira wa kumwagilia ikimfikia Agosti, inamkuta akivuna kidogo alichopanda kwa deni. Naanza na kalenda kwa sababu nimesoma taarifa nyingi za serikali ya Marekani kuhusu ruzuku za kilimo cha mjini. Zote zinataja kiasi cha pesa, na ni nadra kukuta inayosema pesa hiyo itamfikia mkulima mwezi gani. Kwa anayelima kiwanja cha mtaani, tarehe ina uzito kuliko kiasi.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Hapa nimekuwa nikijitolea kuwasaidia wakulima wanaozungumza Kiswahili: nawasomea barua, najaza nao fomu, nakaa nao ofisini wakiitwa. Wengi ni Wakongo wa Fizi na Uvira, wengine Warundi, na karibu wote wamepitia Nyarugusu, kambi ambayo kwetu kila mtu anaijua. Ni watu walioshika jembe tangu utotoni, na hata kambini walilima vipande vidogo nyuma ya nyumba. Kisha wakaletwa kwenye miji ambayo viwanda vyake vilishafungwa, wakapangishiwa nyumba katika mitaa ambayo duka la mboga mbichi liko mbali na basi halina uhakika, huku pembeni ya nyumba hizo kuna viwanja vitupu vinaota majani. Mama mmoja wa Fizi, siku ya kwanza tulipokutana, aliniuliza: "Mwanangu, udongo huu wote ni wa nani?"

Jibu lake ni refu. Cleveland, hapa Ohio, ilikuwa na watu 914,808 mwaka 1950. Sensa ya 2020 ilihesabu 372,624. Detroit, jimbo la Michigan, ilishuka katika kipindi hichohicho kutoka zaidi ya milioni 1.8 hadi 639,111. Viwanda vilihama, Wazungu wenye uwezo wakahamia vitongojini, benki zikakataa kukopesha mitaa ya Weusi, nyumba zikaachwa, nyingine zikaungua, nyingine zikabomolewa na jiji. Vikabaki viwanja kwa maelfu, na vingi leo viko mikononi mwa mamlaka za umma za ardhi. Kwa hiyo udongo ule, mama, sehemu kubwa ni wa serikali. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona ruzuku ya kilimo cha mjini kama sadaka. Serikali ndiyo mwenye shamba, na mitaa hii ilifika hapa kwa maamuzi ambayo serikali yenyewe ilishiriki kuyafanya.

Tena si jambo jipya. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulianguka, na Detroit ikajaa wahamiaji wasio na kazi, wengi wao Wapolandi na Wajerumani. Meya wa wakati huo, Hazen Pingree, mwaka 1894 aliwaomba wenye viwanja vilivyokaa bure wawaazime wenye njaa. Jiji likalima udongo kwa plau, likagawa mbegu, na maelekezo yakachapwa kwa lugha tatu ili kila mtu aelewe. Alipochangisha fedha makanisani akapata kiduchu, akapiga mnada farasi wake mwenyewe. Mamia ya familia walipanda viazi, maharage na mboga katika ekari zipatazo 430, na miji mingine ikaiga. Angalia kilichotolewa pale: ardhi, udongo uliokwisha kulimwa, mbegu na maelekezo katika lugha ya mpokeaji. Na vyote vilitolewa kabla ya kupanda.

Detroit hiyohiyo, mwaka 1975, chini ya Coleman Young, meya wake wa kwanza Mweusi, ilianzisha mpango ulioitwa Farm-A-Lot. Mkazi aliomba kibali cha kulima kiwanja kitupu cha jirani, jiji likampa mbegu na kumlimia. Serikali kuu nayo ilianza mpango wake wa bustani za mijini mwaka 1977, ikianzia miji 6, ikaongeza hadi 23, kisha ukafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Farm-A-Lot nayo ilikufa baadaye, bajeti ya jiji ilipokauka. Historia ya jambo hili nchini humu ndivyo ilivyo: njaa ikibisha hodi, bustani zinakumbukwa, na hali ikitengemaa, zinasahauliwa pamoja na waliozilima.

Mpango wa sasa unatokana na sheria ya kilimo iliyosainiwa Desemba 2018. Sheria hiyo iliunda ndani ya Wizara ya Kilimo, USDA, ofisi maalumu ya kilimo cha mjini, na ikaruhusu itengewe hadi dola milioni 25 kwa mwaka. Kuruhusu na kutoa ni mambo mawili. Kwa mwaka wa fedha 2020 Bunge lilitoa milioni 5. Mwaka 2022, ofisi hiyo ilipopata nyongeza kutoka fedha za kujikwamua na korona, ilitangaza ruzuku 52 zenye jumla ya dola milioni 14.2. Mwaka 2023 zikawa 25, dola milioni 7.4, kwa nchi nzima. Nchi hii ina majimbo 50. Gawanya mwenyewe uone ni miji mingapi ya watu maskini imerudi mikono mitupu.

Hata hizo chache, mama wa Fizi hawezi kuziomba. Huombwa na mashirika, halmashauri, shule na makabila ya wenyeji. Mwombaji lazima awe amesajiliwa katika mfumo wa serikali kuu wa wazabuni, awe na mtu wa kuandika andiko la mradi la kurasa nyingi, na awe na mhasibu wa kutengeneza ripoti. Sisemi mashirika yanapoteza pesa. Mengine yanafanya kazi nzuri sana, na nitalitaja moja. Ila pesa inayopita kwenye andiko la mradi humfuata anayejua kuandika andiko, na anayejua kuandika andiko mara nyingi haishi mtaa ule.

Mlango ambao mkulima mmoja mmoja anaweza kuupita ni mwingine kabisa, na hautangazwi sana. Ni wa NRCS, tawi la wizara linaloshughulika na hifadhi ya udongo na maji. Kupitia mpango wake unaoitwa EQIP, tangu mwaka 2010 serikali imekuwa ikisaidia wakulima kujenga kitalu nyumba: matao ya chuma yaliyofunikwa plastiki nzito, marefu kiasi cha mtu kutembea ndani amesimama. Zamani wakulima wa mashambani ndio waliokijua, lakini wa mjini wanastahili sawa na wao. Kwa Ohio, kitalu nyumba kinabadilisha hesabu yote niliyoanza nayo. Mchicha unaotegemea Juni unapandwa Aprili, spinachi inavunwa hadi karibu na Krismasi, na nyanya chungu, ambazo haziwezi baridi hata kidogo, zinapata miezi ya kutosha kuzaa.

Nieleze utaratibu wake, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokwama. Kwanza unakwenda ofisi ya wizara iliyo karibu kusajili shamba lako lipewe namba, hata kama shamba lenyewe ni kiwanja kimoja kati ya nyumba mbili. Unapeleka kitambulisho na hati ya ardhi au mkataba wa kukodi unaoonyesha kwamba utakuwa na kiwanja hicho kwa muda wote wa mkataba wa serikali. Afisa anakuja kuona. Maombi yanapangwa kwa alama na mengine yanaachwa. Ukichaguliwa unasaini, na ni marufuku kuanza kujenga kabla ya kusaini, maana kilichoanza kabla hakilipwi. Ndani ya kitalu nyumba lazima upande ardhini au kwenye matuta ya kudumu. Vyungu havikubaliki. Ukimaliza kujenga, afisa anarudi kukagua, kisha unalipwa kwa futi ya mraba, kwa kiwango kilichopangwa kwa jimbo lako.

Tazama mpangilio huo tena: unajenga, unakaguliwa, unalipwa. Anayesafisha vyumba vya hoteli usiku na kulima asubuhi atajenga kwa pesa ipi? Sheria yenyewe ililiona hilo. Kwa mkulima anayeanza, yaani ambaye hajazidisha miaka 10 ya kulima, na kwa mwenye kipato cha chini na askari mstaafu, malipo yanaweza kufika asilimia 90 ya gharama iliyokadiriwa, na anaweza kuomba angalau nusu itangulie. Kipengele hicho kwangu ndicho chenye thamani kuliko vingine vyote katika mpango mzima. Hadi Julai 2025 kulikuwa pia na kundi la walionyimwa haki kihistoria kwa sababu ya rangi au kabila, ila wizara imeliondoa katika vigezo vyake. Nalisikitikia sana, kwa sababu wakulima Weusi wa nchi hii wana kesi za miongo mingi dhidi ya ubaguzi katika mikopo ya kilimo, na mwaka 2024 serikali yenyewe ililipa takribani dola bilioni 2 kwa watu zaidi ya 43,000 waliobaguliwa. Huwezi kulipa fidia mwaka huu na kufuta kumbukumbu mwaka unaofuata. Hata hivyo wakulima wetu wengi bado wanaingia kwa mlango wa mkulima anayeanza.

Yule mama wa Fizi aliingia kwa mlango huo. Kiwanja alikodishwa na kanisa, kwa mkataba wa maandishi. Nusu ya malipo ikatangulia, na pamoja nayo ikaja saa ya kuhesabu: malipo ya awali yasipotumika ndani ya siku 90 yanarudishwa serikalini. Matao yalipaswa kulipiwa yote ndipo yasafirishwe. Nusu ya serikali ilikuwepo. Nusu nyingine ilitoka kwenye likelemba, upatu wa kina mama wenzake. Kina mama wale wanachanga kila mwezi, na mmoja wao anachukua mzunguko mzima. Zamu ya Machi haikuwa yake. Aliyekuwa nayo, Mrundi mmoja mwenye watoto watano, akakubali wabadilishane, akasubiri hadi Septemba. Vijana wa kanisani walisimamisha matao kwa siku mbili za mapumziko ya wiki. Mwisho wa Aprili mchicha ulikuwa umeota ndani yake wakati nje bado asubuhi kuna barafu.

Wapo watakaoisoma habari hiyo na kusema, ona, wanajiweza. Wanajiweza kweli. Lakini kilichoziba pengo la mpango wa serikali yenye utajiri kuliko zote duniani ni mchango wa wanawake wanaosafisha hoteli, na mmoja wao alisogeza ada na kodi yake miezi sita ili risiti za wizara zikae sawa. Kama nusu inaweza kutangulia, inaweza kutangulia asilimia 90. Hatari ya kupoteza pesa ni ndogo: kitalu nyumba kinaonekana kwa macho, afisa anakwenda kukikagua, na mkataba umesainiwa.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa ndipo moyo unapouma zaidi. Baada ya machafuko ya Los Angeles ya mwaka 1992, ekari 14 za jiji katika eneo la South Central zilitolewa kwa bustani. Familia zipatazo 350, wengi wahamiaji wa Amerika ya Kati na Meksiko, walizilima zaidi ya miaka kumi. Walipanda miti ya matunda, mahindi, dawa za kienyeji. Mwaka 2003 jiji likamuuzia tena ardhi ile mmiliki wake wa zamani, na tarehe 13 Juni 2006 polisi wakawaondoa watu, tingatinga likafuata. Udongo uliolishwa samadi miaka yote hiyo haubebeki kwenye gari. Ninapoona ruzuku ya mbegu na zana ikitolewa kwa bustani ambayo jiji linaweza kuichukua kwa notisi ya siku 30, huwa najiuliza kama waliotoa wamewahi kupanda mti.

Cleveland imejitahidi kuliko miji mingi. Mwaka 2007 iliweka katika sheria zake za mipango miji eneo linalotambuliwa rasmi kuwa la bustani, ili kiwanja kinacholimwa kisiwe tu akiba ya kusubiri mjenzi. Ohio City Farm, shamba la ekari 6 hivi linalotazamana na majengo marefu ya katikati ya jiji, liko kwenye ardhi ya mamlaka ya nyumba za umma, na miongoni mwa wanaofanya kazi hapo ni wakimbizi wanaolipwa mshahara huku wakijifunza Kiingereza.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Kansas City, upande wa Kansas. Mwaka 2008 mashirika mawili, Cultivate Kansas City na Catholic Charities, yalianzisha mpango wa New Roots for Refugees katika Juniper Gardens, kwenye ardhi ya mamlaka ya nyumba, mlangoni kabisa pa nyumba za umma. Mkulima anapewa robo ekari na miaka minne. Mwaka wa kwanza gharama karibu zote zinabebwa na mpango: mbegu, maji, zana, sehemu sokoni. Kila mwaka mkulima anabeba kidogo zaidi, hadi anapohitimu akiwa na wateja wake mwenyewe, na anasaidiwa kutafuta ardhi ya kuhamia. Wamepita pale watu wa Burma, Bhutan, Somalia, Burundi na Kongo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Juniper Gardens walielewa kwamba jembe peke yake halitoshi, lazima liende na shamba na miaka ya kulizoea.

Kuhusu udongo wenyewe nitasema kwa kifupi, kwa sababu ya watoto. Nyumba zilizobomolewa zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, na vumbi lake bado limo ardhini. Januari 2024 mamlaka ya mazingira ilishusha kiwango cha tahadhari cha risasi katika udongo wa makazi kutoka sehemu 400 hadi 200 kwa milioni. Pima kabla ya kupanda. Ukikuta tatizo, jenga matuta ya mbao na ulete udongo na mboji kutoka nje. Hiyo ni gharama kubwa, na ruzuku yoyote ya mtaa wa zamani isiyoihesabu imehesabu nusu ya kazi.

Kisha kuna soko. Ruzuku nzuri kuliko zote inaweza kuwa mteja mwenye pesa. Mwaka 2009 ulianza Detroit mpango wa Double Up Food Bucks: mtu anayenunua chakula kwa kadi ya msaada wa serikali, akitumia dola moja kwenye mboga na matunda, anaongezewa nyingine. Mpango umeenea majimbo mengi, na serikali kuu inachangia mipango ya aina hiyo kwa sheria ileile ya 2018. Mama anayeuza matembele na lengalenga kwenye gulio anapata mnunuzi, na mnunuzi ni jirani yake. Pesa ile inaufaa mara mbili mtaa uleule.

Serikali nayo ilikuwa mteja. Mpango ulioanzishwa baada ya korona ulizipa serikali za majimbo fedha za kununua mazao ya wakulima wadogo wa karibu na kuyapeleka kwenye benki za chakula, yaani maghala yanayowagawia bure wenye uhitaji. Machi 2025 wizara ilifuta awamu iliyofuata, pamoja na mwenzake wa kununulia shule vyakula vya karibu. Kwa pamoja ni zaidi ya dola bilioni 1. Machi! Mwezi ambao mbegu zimeshanunuliwa na miche imeshaota kwenye trei. Sera inaweza kubadilika, serikali zinabadilika, lakini anayetaka kufuta mkataba wa chakula afute Oktoba, ardhi ikiwa imelala na mkulima ana miezi ya kujipanga.

Sheria ya 2018 ilikwisha muda wake mwaka 2023 na imekuwa ikiongezewa muda kwa vipande. Wakati wabunge wanabishana, yapo ambayo halmashauri ya jiji inaweza kuyafanya bila kusubiri Washington: kukodisha viwanja vyake kwa miaka kumi badala ya mmoja, kuruhusu maji ya bomba la zimamoto kwa ada ndogo, na kutuma trekta ilime viwanja kila Aprili, kama jiji la Pingree lilivyolima kwa plau.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa Louisville, Columbus, Grand Rapids au Kansas City, mwenye mama au shangazi anayelima nyuma ya nyumba ya mtu, mpeleke ofisi ya wizara Septemba hii, si masika. Maombi hupokelewa mwaka mzima, lakini kila jimbo lina tarehe yake ya kukata orodha. Chukueni kitambulisho na mkataba wa kiwanja wenye saini, hata kama mwenye kiwanja ni ndugu. Ombeni namba ya shamba siku hiyohiyo. Mwaka wa kwanza wa kulima muuandike mahali, kwa sababu ndio utakaoonyesha kwamba yeye ni mkulima anayeanza. Na mkifika hatua ya mkataba, ulizeni kuhusu malipo ya awali kabla hajashika kalamu, maana uamuzi huo hufanywa wakati wa kusaini.